Maswali Tutachukua Mwishoni

Mwezeshaji alitugawia karatasi kubwa za manila na kalamu za rangi. Tulikuwa watu wazima 22, wengine na mvi zao, tukajikunja sakafuni kama watoto wa chekechea. Akasema tuchore mto. Si Rufiji wala Ruvu, akafafanua haraka, maana mzee mmoja alishaanza kuchora kiboko. Mto wa maisha yako. Pale maji yalipotulia uchore yametulia, pale yalipoporomoka uchore maporomoko, pale mto ulipogonga jabali ukapinda uchore jabali lenyewe. Kisha kila mmoja angesimama ausome mto wake mbele ya wenzake, na kwa njia hiyo, alituahidi, tungekua kiuongozi kabla ya chakula cha mchana.

Mimi nilikuwa na wiki mbili tu katika uongozi. Nilikuwa mtunza stoo, nikapandishwa kuwa msimamizi wa watunza stoo, yaani wale wale wawili niliokuwa nikila nao mihogo, ila sasa nikiingia wananyamaza. Ofisi ikaona nipelekwe semina ya siku tatu. Ukumbi wenyewe ulikuwa huku huku kwetu Kigamboni, dakika kumi kwa bodaboda kutoka nyumbani. Nilifurahi. Sikufikiria kwamba mtu anayetaka kusimulia sifa zake mtaani kwake anatakiwa aangalie kwanza nani anagawa chai.

Mto wangu ulinyooka kama reli. Chanzo: kijijini, jua linachomoza. Darasa la tano, kiranja wa darasa. Kidato cha pili, kiranja wa chakula, cheo ambacho watu hukidharau hadi waone nani kashika upawa. Halafu mto ukapanuka kwa bluu iliyokolea: 2017, Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hapo nikaweka samaki wawili wanaotabasamu. Jabali sikuchora hata moja. Maporomoko nayo niliona yatachafua karatasi.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama wanavyokohoa wabunge, nikasema, "Mwaka 2017 niliaminiwa na wanachama 25 kuongoza kikundi chetu. Katika kipindi hicho niliimarisha nidhamu na usalama wa fedha."

Makofi. Mwezeshaji akaandika USALAMA ubaoni, akalipigia mstari.

Ndipo ikatoka sauti kule nyuma, kwenye meza ya chai.

"Mwenyekiti, na lile kufuli je?"

Niligeuka. Kando ya birika kubwa la umeme, beseni mkononi limefunikwa kitambaa cheupe, alikuwa amesimama Mama Vitumbua. Kumbe ndiye aliyepewa tenda ya chai ya saa nne. Alikuwa anatabasamu kama wale samaki wangu.

"Kufuli gani?" mwezeshaji akauliza, kalamu bado juu.

Sikuwa na pa kutokea. Nikasimulia. Kule ukumbini nilijaribu kuliruka lile la karanga, Mama Vitumbua akanirudisha, kwa hiyo hapa naliweka mwenyewe kabla hajaletwa mtu.

Kikundi chetu kilikuwa VICOBA ya kawaida, vile wenzetu wa Kenya wanavyoita chama. Tulikaa kila Jumamosi saa nane mchana chini ya mwembe. Kila mtu ana namba yake, akiitwa anakuja mbele ananunua hisa zake, hisa moja shilingi 2,000, mhuri unagongwa kwenye daftari, pesa inaingia sandukuni watu wote wakiona. Anayetaka mkopo anakopa humo humo na kurudisha na riba. Mwisho wa mwaka mikopo yote inarudi, sanduku linavunjwa, kila mtu anaondoka na chake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilikuwa haijaja kutupanga madaraja na kututaka tujisajili. Sisi wakati ule tulikuwa na sanduku, na tulikuwa na Mungu.

Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, asiye na ufunguo wowote. Ukitaka kuiba unahitaji watu wanne mkubaliane, na mtaani kwetu hata wawili kukubaliana kuhusu mechi ya jana ni kazi. Ni mpango mzuri, umefanya kazi miaka mingi kwenye vikundi vingi. Mimi nikaona una upungufu.

Nilichaguliwa mwenyekiti mwezi wa kwanza, na wiki ya kwanza nikaja na orodha ya faini. Kuchelewa, shilingi 500 kwa kila dakika kumi. Simu kulia kikaoni, 1,000. Kusema bila kunyoosha mkono na kuruhusiwa, 1,000. Kupoteza mali ya kikundi, 20,000. Kupiga miayo mwenyekiti anapozungumza niliipendekeza 500, ikapingwa sana, ikapita kwa 200. Nikaajiri seremala, akatutengenezea sanduku jipya la mninga, zito, limepakwa vanishi hadi unajiona usoni. Nikaenda Kariakoo nikanunua kufuli tatu, kila moja ukubwa wa kobe mchanga. Kila kufuli lilikuja na funguo tatu. Tatu tukagawana washika funguo, mmojawapo mimi. Sita zikabaki.

Hizo sita ndizo zilinipa usingizi wa shida. Nikawaza: funguo za akiba za nini kama si za kuibia? Jumamosi hiyo nikawaongoza wanachama wote hadi ufukweni, akina mama wamejifunga kanga, mzee wetu wa mkaa na bakora yake, nikasimama na maji kwenye vifundo vya miguu nikatoa hotuba. Nilisema ufunguo wa akiba ni mlango wa nyuma wa mwizi. Nilisema kikundi kinachojiamini hakina akiba ya mashaka. Kisha nikazitupa, moja moja, na kila inayozama watu wanapiga makofi. Mama Vitumbua, ambaye ndiye mtunza sanduku, alinyoosha mkono. Nikamwambia, "Mama, maswali tutachukua mwishoni." Kisha ikaja mvua, tukakimbia.

Mwaka ukaenda vizuri, mimi nasema hivyo. Vikao vilikuwa kimya, utadhani mtihani wa darasa la saba. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeongea. Nilijua ni heshima.

Ikafika Jumamosi ya kuvunja sanduku, mwezi wa kumi na mbili. Asubuhi nikavuka kwenda mjini kuchukua Kaunda suti niliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Vazi hili lilipewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na kwetu mtu akilivaa hata konda wa daladala anampisha. Yangu ilikuwa rangi ya ugoro. Fundi alikuwa hajamaliza. Nikakaa kwenye benchi lake hadi saa saba kasoro, anashona vifungo, ninaangalia saa. Nilipoivaa, akanionya: "Kaka, mifuko ya chini nimeipiga bandi tu, haijafunguliwa. Usitie kitu. Rudi Jumatatu niimalize."

Kwa hiyo mfuko uliokuwa kazini ni mmoja, wa kifuani. Humo nikatia simu, kitambaa cha jasho, chenji ya nauli, na ufunguo wa kikundi, nilioufunga utepe mwekundu ili uonekane nitakapoutoa mbele ya watu. Siku nyingine zote ulikaa shingoni kwangu, ndani ya shati. Siku hiyo niliutoa shingoni kwa sababu utepe ulikuwa unaharibu kola.

Kwenye kivuko nilisimama ukingoni, upande wa upepo, nikae vizuri na suti yangu. Kivuko cha Magogoni ni dakika chache tu na nauli wakati ule ilikuwa shilingi 200, lakini katikati hapo, kwenye mkondo meli zinapoingilia bandarini, ukiwa umevaa vizuri unajiona kama nahodha wa mambo yote. Nikampigia katibu wetu simu. Nakumbuka neno kwa neno. "Saa nane kamili kitabu cha faini kifunguliwe. Asiachwe mtu. Hata awe nani."

Nikakata simu. Jasho linatoka, Desemba ya Dar mnaijua. Nikavuta kitambaa.

Utepe ulikuwa umejisokota kwenye kitambaa. Vilitoka pamoja. Kitambaa kilibaki mkononi, ufunguo ukaruka nje ya bomba la ukingo, utepe ukapepea nyuma yake kama bendera ya chama kilichoshindwa uchaguzi, ukagusa maji, ukakaa juu ya maji hivi kidogo kana kwamba unafikiria, halafu ukazama.

Pembeni yangu alikuwepo kijana muuza karanga, na kapu lake na makopo ya kupimia.

"Broo, umeangusha kitu."

"Nimeona."

"Kilikuwa cha muhimu?"

Nikamtazama. Nikatazama maji. Nikasema, "Hapana." Kisha, sijui kwa nini, nikanunua karanga za mia tano.

Bahari sasa ilikuwa na seti yake kamili. Funguo tatu za kufuli moja, zote kwangu zimetoka, mbili kwa hotuba na moja kwa jasho.

Mtu mwenye akili angeshuka upande wa Kigamboni, aende moja kwa moja chini ya mwembe, aseme jamani limetokea hili. Mimi nilishuka, nikakata tiketi nyingine, nikavuka tena kurudi Magogoni nikiwa ukingoni palepale, naangalia maji, kama vile chuma huwa kinabadili mawazo. Nikavuka tena kuja. Nikarudi tena hadi upande wa Feri, kwenye soko la samaki, nikamuuliza mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anashona wavu kama kuna watu wanaopiga mbizi. Akauliza ufunguo ulidondokea wapi. Nikamwonyesha. Akaniambia, bila kuacha kushona, "Kama ufunguo wako mzito, uko chini pale meli zinapopita. Kama mwepesi, uko njiani Zanzibar."

Simu ililia mara kumi na nne. Sikupokea. Nilifika chini ya mwembe saa tisa na dakika hamsini.

Ambaye hajawahi kuona siku ya kuvunja sanduku asidhani wanakuja wanachama tu. Kulikuwa na masufuria mawili ya pilau. Kulikuwa na spika ya kukodi. Kulikuwa na watoto waliovalishwa nguo za Idi. Nyuma ya ua wa makuti walikuwa wamejipanga waume, wamekuja kupiga hesabu ya hisa za wake zao kwa macho, na nyuma ya waume walikuwepo wadai: mwenye duka, mwenye kanga za mkopo, fundi wa friji. Na kwenye mkusanyiko kama huo lazima waje wachuuzi. Hilo sikulifikiria.

"Mwenyekiti," katibu akasema taratibu, kalamu kwenye kitabu, "dakika mia na kumi."

"Andika," nikasema kwa sauti ya mtu asiye na tatizo.

Nikachukua kipaza sauti nikaanza kuhutubia. Nilikuwa nanunua muda, ila sikujua nanunua ili nifanye nini. Nilianzia kwenye Uhuru. Nikapita kwenye vyama vya ushirika vya pamba na kahawa. Nikaeleza historia ya kufuli. Mzee wa mkaa akapiga miayo, mkewe akamfinya, akapiga tena. Nusu saa ikapita, simu yangu ikalia mfukoni, ni fundi cherehani anauliza suti imenikaaje. Katibu akaandika.

Mwishoni Mama Vitumbua akasema, kwa mkono ulionyooshwa vizuri, "Mwenyekiti, pilau inapoa."

Tukaanza. Namba tatu akaja na ufunguo wake, akafungua kufuli lake, makofi. Namba kumi na tisa akafungua la kwake, makofi na kigelegele kimoja. Wakanigeukia mimi.

Nikapiga mfuko wa kifuani. Nikakunja uso kidogo, kama mtu anayeshangaa. Nikapapasa mfuko wa chini kulia, umepigwa bandi. Nikapapasa wa kushoto, bandi. Nikaingiza vidole kwa nguvu, bandi zikakatika, prrr, mfuko ukafunguka mbele ya watu wote na ndani hamna kitu. Nikapiga mifuko ya suruali. Nikavua kofia nikaangalia ndani ya kofia. Nilikuwa naendelea kuigiza vizuri tu, karibu na mimi nijiamini, pale sauti ilipotoka nyuma ya waume na wadai:

"Broo! Si ule uliotupa baharini?"

Yule wa karanga. Amekuja na kapu lake, kopo mkononi, uso wa mtu anayesaidia.

"Ule wenye utepe mwekundu," akaongeza, asiachwe mtu na shaka. "Nikamuuliza muhimu, akasema hapana."

Kimya kilichoshuka pale nakisikia mpaka leo. Kisha kikavunjika, na nidhamu niliyoijenga miezi kumi na moja ikaondoka kwa nusu dakika. Kila mtu alisema, hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja anataka shoka, mmoja anamwambia mwenye shoka aulize kwanza bei ya mninga. Mwenye kanga za mkopo anauliza kama mgao utakuwepo au arudi nyumbani. Mtoto akaanza kulia bila sababu, akafuatiwa na wengine watatu.

Akaitwa fundi wa kuchomelea kutoka barabarani, akaja na grainda na ekstensheni ndefu iliyovutwa kutoka dukani. Akavaa miwani ya jua, akaanza. Cheche zikaruka kwenye vanishi. "Pesa zitaungua!" wakapiga kelele upande mmoja. Mtu akaleta ndoo ya maji. "Zitaloa!" wakapiga kelele upande wa pili. Ukazuka mjadala mkali sana kama noti iliyoungua ina nafuu kuliko iliyoloa, na watu waliokuwa kimya mwaka mzima walionyesha kuwa na hoja. Fundi alipofika robo ya kufuli, diski ikaisha. Nyingine, akasema, iko Kibada kwa shemeji yake.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Nikala karanga.

Katikati ya makelele hayo nikauona mkono. Mmoja tu, umenyooka juu, hautikisiki. Mama Vitumbua alikuwa amesimama pembeni ya sanduku anasubiri aruhusiwe.

"Mama, sema," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia.

"Naomba kisu cha mezani."

Akaletewa kile cha kupakia siagi. Akaliomba sanduku ligeuzwe, mgongo uje mbele. Vijana wawili wakaligeuza. Na hapo, mbele ya wanachama 25, waume zao, wadai wao na muuza karanga, tukauona mgongo wa sanduku letu kwa mara ya kwanza. Bawaba mbili, zimepigiliwa kwa nje, kila moja na skrubu mbili. Mama akapachika ncha ya kisu, akazungusha. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Alikuwa anaziweka kwenye kifuniko cha sufuria zisipotee. Ya nne ilipotoka, akainua mfuniko kwa upande wa nyuma, na pesa zikaonekana, zimepangwa mafungu kama tulivyoziacha. Upande wa mbele kufuli langu lilikuwa bado limefungwa. Limekwaruzwa tu.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanawaza ninachowaza mimi.

"Mama," nikauliza, "umeliona hili lini?"

"Wiki ile ile lilipoletwa kwangu. Nilikuwa nadeki, nikaona mgongo wake. Nikanyoosha mkono kule ufukweni."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulisema maswali tutachukua mwishoni." Akalitazama sanduku, akaniangalia. "Na kusema bila ruhusa ni elfu moja. Sasa nikajua si lazima mwisho utafika?"

Baadaye, wakati wa kuhesabu, ndipo alipoeleza alivyoishi na lile sanduku. Aliliegemeza mgongo ukutani, kisha akasogeza kitanda chao cha futi sita kikaligusa, kisha akahamishia kabati mbele. Miezi kumi na moja. "Baba watoto mpaka leo hajui kwa nini tulibadilisha chumba," alisema. "Nilimwambia upepo." Na mumewe alikuwa nyuma ya ua pale pale, anasikia.

Pesa zilikuwa kamili, hadi mia ya mwisho. Hisa ya 2,000 ilikuwa imezaa ikawa 2,340, na sehemu ya uzazi huo nilikuwa mimi. Katibu alisoma kitabu kwa utulivu. Kuchelewa, 5,500. Simu, 1,000. Kupoteza mali ya kikundi, 20,000. Kisha mtu akauliza kama kuna faini ya kudanganya kwa kupapasa mifuko. Haikuwepo. Wakaipitisha palepale, 10,000, na wakakubaliana kwa kauli moja kwamba inaanza kutumika tangu saa tisa na dakika hamsini. Jumla 36,500, zikakatwa kwenye hisa zangu. Mkuki kwa nguruwe, lakini mimi ndiye niliyeunoa.

Uchaguzi ulifuata baada ya pilau na haukuchukua muda. Mama Vitumbua akapata kura 24. Ya ishirini na tano nilijipigia, naomba mnielewe, nilikuwa nimeshavaa suti.

Jambo la kwanza alilofanya akiwa mwenyekiti ni kuuliza, "Kuna mwenye neno?" Tulikaa pale hadi adhana ya isha. Namba sita alikuwa na neno tangu mwezi wa pili: mhuri wetu ulikuwa umechongwa mwaka usio sahihi, kila daftari lilisema 2016. Namba kumi na moja alikuwa na neno: viti tulivyokodi kila Jumamosi mjomba wake anavyo bure. Katibu mwenyewe alikuwa na neno, kwamba kalamu nilizonunua zinafutika ukizishika na mkono wa jasho, na ukurasa wa mwezi wa nane haupo tena. Mzee wa mkaa alisema hana neno, ila anataka arudishiwe faini za miayo, maana ana kisukari. Nilikuwa nimekaa namba yangu, ishirini na mbili, nanyoosha mkono kila nikitaka kujitetea. Mama alikuwa ananiona, ananipa nafasi kila mara. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Basi ndiyo hivyo nilivyowasimulia kule ukumbini. Wenzangu walicheka hadi yule mzee wa kiboko akaenda nje kupata hewa. Mwezeshaji alifurahi kuliko wote, macho yanang'aa. "Hilo ndilo jabali!" akasema. "Lichore! Lichore hapo hapo!" Nikapiga magoti, nikachora kufuli katikati ya mto, kubwa kuliko jua. Samaki mmoja ikabidi nimfunike.

Mwezeshaji akafuta USALAMA ubaoni. Akawasha projekta, ukutani ikatokea picha ya sikio kubwa na maneno KIONGOZI MSIKIVU. Akaanza kutembea mbele na nyuma. Akasema kisa nilichotoa kimegusa kiini cha mada ya siku, kwamba kiongozi ni masikio kwanza, na kwamba ana hoja saba kuhusu usikivu, na kwamba angependa azimalize zote kabla ya chai.

Kule nyuma mkono ukanyooka. Mama Vitumbua, kando ya birika.

"Mama," mwezeshaji akasema, anatabasamu, haachi kutembea, "maswali tutachukua mwishoni."

Mama akashusha mkono, akakaa.

Niligeuka kutazama alipokuwa anatazama. Ekstensheni moja, nyeupe zamani, imelala chini ya meza. Birika la lita ishirini limechomekwa humo, projekta humo, spika humo, na kompyuta ya mwezeshaji humo. Harufu ya mpira ilikuwa imeshafika safu ya tatu. Nikanyoosha mkono na mimi, juu kabisa.

"Nimekuona, Mwenyekiti," mwezeshaji akasema. "Utakuwa wa pili, baada ya mama. Hoja ya kwanza kuhusu usikivu..."

Pu! Sikio likatoweka ukutani. Spika ikatoa mlio wa mbuzi, feni zikaanza kupungua mwendo, ukumbi wote ukawa giza lenye harufu.

"Nilitaka kuuliza tu," sauti ya Mama Vitumbua ikasema gizani, "nichomoe kipi."